Jicho Lililonyamazishwa

Wanafunzi wangu hapa chuoni Meru wanadhani nilijiingiza katika modeli za mtandao wa neva kwa sababu ya akili nyingi. Nawaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba niliijua kazi hii kabla sijaiona kompyuta, kule Kibirichia, kwenye ghala la viazi.

Modeli yenyewe si ya kutisha. Ndani ya kompyuta tunaunda makundi mawili ya neva za kubuni, moja la jicho la kushoto na jingine la kulia, na kila moja lina uwezo wa kulinyamazisha lenzake. Macho yakitazama pamoja, makundi yanasaidiana. Jicho moja likipinda, picha zinagongana, na kundi lenye nguvu linalifunga mdomo lile jingine. Jicho lenyewe ni zima, ila ubongo hausikilizi habari zake. Ukilipunguzia nguvu kundi lililoshinda, lile dhaifu linaanza kuinuka polepole. Ukikosea ukalipunguzia lile dhaifu, umelizika.

Nyanya yangu alikosea hivyo hivyo, tena kwa huruma.

Nilikuwa na makengeza tangu utotoni. Nilipoanza shule, mama alinipeleka hospitali mjini, na daktari hakuzungusha maneno. "Mama, hii jicho ya kushoto haina ugonjwa, ni kichwa ndio imeanza kuisahau. Funga hii mzuri kila siku, ndio hiyo ingine ilazimike kufanya kazi. Mkingoja mpaka akuwe mkubwa, hataona nayo tena."

Mama akashona kitambaa cheusi chenye kamba, akawa ananifunga jicho la kulia kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Dunia ikawa ukungu mtupu. Nilijikwaa kwenye ndoo, nikakanyaga kuku, nikalia kama mtu aliyefiwa. Aliyebaki nami nyumbani ni nyanya, mama yake baba, na hakuweza kuvumilia. Kwake yeye, kinachougua ndicho hufungwa na kupumzishwa. Ng'ombe akivunjika mguu, nani hufunga ule mzima? Basi mama akishapotelea barabarani, nyanya alikihamishia kitambaa kwenye jicho bovu, na jioni akakirudisha mahali pake. Mimi nilimwona malaika.

Tuliporudi kliniki, jicho lilikuwa baya kuliko mwanzo. Daktari aliuliza kama kweli tunafunga lile zuri. Mama aliniangalia usoni, akaelewa yote.

Sasa angefanya nini? Kwetu mke hamgombezi mama mkwe wake. Lakini mimi ni binti wa kwanza, nimepewa jina la nyanya, na kwa desturi mimi na yeye ni mtu mmoja. Mama aliniita "mama" na hakuwahi kunichapa, maana angemchapaje mama mkwe? Jioni hiyo alinikalisha jikoni, nyanya akiwa palepale anamenya viazi, akaniambia kwa heshima zote:

"Mama, nakuomba. Kitambaa kikikaa kwenye jicho gonjwa, mtoto wangu atapofuka upande mmoja maisha yake yote. Nisaidie. Peke yangu siwezi."

Hata mimi nilijua haongei nami. Nyanya aliendelea kumenya, na maganda yakawa manene kuliko kawaida yake.

Asubuhi iliyofuata, mama alipoondoka, nyanya alikikaza kitambaa kwenye jicho langu zuri. Kisha akararua kipande cha leso yake kuukuu, akajifunga jicho lake mwenyewe.

"Wewe ni mimi," alisema. "Ukifungwa, nimefungwa. Twende kazini."

Tukaketi ghalani tukichagua mbegu, viazi vilivyochipua huku, vilivyooza kule. Nikikosea, alinirudishia kiazi mkononi. Majirani walipokuja kucheka, aliwauliza kama wamekuja kutazama au kusaidia. Aliendelea hivyo msimu mzima na uliofuata, mwanamke mzee mwenye magoti mabovu, akipapasa ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nina mengi ya kumshukuru, ila hili sijui hata pa kuanzia. Namshukuru mama pia, kwamba siku ile alichagua kuomba.

Siku ya kupimwa tena, nyanya alikataa kubaki nyumbani, akafuatana nami na mama. Daktari alifunika jicho langu la kulia kwa kiganja, akaniambia nitazame ukutani na kusema ninachoona.

"Namwona nyanya."

"Hiyo unajua tu, ameketi hapo tangu uingie. Anafanya nini?"

Nikakaza jicho. Ukungu ulikuwepo, lakini mwembamba. Niliuona uso, nikauona mkono ukipanda shavuni.

"Analia," nikasema. "Anajipangusa haraka, hataki mama amwone."