Jino, Daktari na Kifo

Mtaani walimwita Mizani, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Alikuwa mwandishi wa barua za Kiingereza. Ofisi yake ilikuwa meza moja, kompyuta moja na printa yenye kikohozi, vyote vimebanwa kwenye kona ya duka la fundi cherehani, kati ya dirisha na rundo la suruali zinazosubiri zipu. Fundi alishona vyake mchana kutwa, naye Mizani akashona vyake. Tofauti ni kwamba suruali ya fundi ikimbana mteja, mteja husema. Barua ya Mizani ikimbana, mteja alishukuru na kutoka nayo ameishika kwa mikono miwili.

Ugonjwa wake wa kusawazisha sentensi aliupatia kazini. Alikaa masijala miaka ishirini na sita, na mwaka wa pili tu mkuu wake, mzee mmoja aliyechonga penseli kwa wembe, alimrudishia barua iliyopigwa mstari mwekundu, pembeni pameandikwa: sentensi yako inachechemea. Kijana akalala na maneno hayo na kuamka nayo. Kumbe Kiingereza kina sheria. Ukipanga vitu katika sentensi moja, viwe vya jinsi moja. Ukianza na majina, malizia na majina, na ukianza na vitenzi, usije ukaishia kwingine. Huwezi kumsifu mtu kwamba ni mwaminifu, hodari na ana baiskeli. Hiyo baiskeli itaangusha kila kitu. Sheria yenyewe ni nzuri na haina kosa lolote. Kosa lilikuwa kumpa Mizani.

Aliistaafu masijala, sheria hakuistaafu. Siku moja mkewe alimpa karatasi ya kwenda nayo dukani: sukari, sabuni, viberiti, na usisahau chumvi. Mizani alisimama mbele ya kaunta, akaisoma, uso ukamkunjamana. Majina matatu na amri moja! Watu nyuma yake wakaanza kuguna. Akatoa kalamu, akaifuta ile amri kwa kuwa haikuwa na ndugu kwenye orodha, akanunua vilivyobaki. Jioni ile mboga ililiwa chapwa, na mkewe alimweleza kwa Kiswahili kisicho na mizani hata kidogo.

Zaidi ya yote alipenda sentensi yenye vipande vitatu. Alisema sentensi ni kama chungu jikoni, hakikai bila mafiga matatu. Mteja akija na sababu moja, Mizani alimtafutia mbili za kuongezea. Akija na nne, moja ilikatwa bila huruma, hata kama ndiyo iliyomleta. Kuna mlinzi mmoja aliyetaka kuomba uhamisho arudi karibu na familia yake. Barua yake ilipangwa vizuri mno, faida za kuhama upande huu na heshima ya kubaki upande ule, uzito sawasawa, hata akajibiwa kwamba ombi lake limekubaliwa. Mpaka leo hajui ni lipi.

Lakini wateja hawakupungua. Barua isiyoeleweka ilihesabiwa kuwa barua nzito, na barua nzito ndiyo waliyoitaka. Mizani akavimba kichwa. Kusema kweli, nani asingevimba?

Sasa, alikuwa na mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, dobi katika hospitali iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Kazi ile ya kufua mashuka ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wake wawili, na mwingine wa kuwalisha hakuwepo. Jumanne moja aliingia dukani shavu limetuna kama aliyeficha ndimu mdomoni, mkononi ana barua ya ofisi. Alikuwa hajaonekana kazini siku mbili. Ajieleze kwa maandishi, kwa Kiingereza, kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa nini asifukuzwe. Miaka tisa mashuka hayakuwahi kumuuliza Kiingereza, lakini ofisi ni ofisi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona shavu hilo?"

"Ndilo lililoniponza. Niandikie tu hivi: niliumwa jino, nikaenda kung'olewa, na cheti cha daktari hiki hapa. Basi."

"Basi?" Mizani aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa nyumba imekwisha na paa bado.

"Kuna nini kingine, kaka? Jino lenyewe lilikuwa moja."

Alimvutia kiti. Akavaa miwani, akavuta kibodi, akaandika kwamba alizuiwa na jino na daktari. Akaitazama. Mafiga mawili. Chungu kile kilikuwa kinamwagika mbele ya macho yake, na aliyetelekewa ni ndugu yake mwenyewe! Akajaribu usafiri, lakini dada mtu alikuwa anaishi nyuma ya hospitali na kwenda kazini kwa miguu. Akajaribu mvua. Nje jua lilikuwa linapasua mawe. Akawa anayatia maneno ya Kiingereza mdomoni moja moja na kuyatema, mpaka likaja moja ambalo hakulitema.

Kifo. Kwa Kiingereza kifo huishia kwa sauti ileile inayomalizia jino, ile ya kuuma ulimi kidogo, na huanza kwa herufi ileile inayomwanzisha daktari. Neno limewashika majirani wote wawili! Alizuiwa na jino, na daktari, na kifo. Mizani nywele zilimsimama. Katika miaka yote ile hakuwahi kuandika sentensi iliyotulia namna ile.

"Mbona unacheka peke yako?" dada mtu akauliza. "Hapo mwisho umeandika nini?"

"Jino, daktari, na neno moja la kufungia."

"Neno gani?"

"Hayo ni mambo ya sarufi, mdogo wangu. Wewe weka sahihi."

Akaweka. Fundi cherehani akatoa pini mdomoni, akasema wenye kusoma wana raha, akazirudisha. Mizani mwenyewe hakuona kwamba ametia chumvi. Hakumtaja mtu. Na katika dunia hii, siku mbili zitapita vipi bila mtu kufa mahali?

Barua ilipelekwa Jumatano asubuhi. Alhamisi dobi akaitwa na afisa utumishi, kijana mwenye tai fupi na moyo mzuri, ambaye alikuwa ameisoma sentensi ile mara nne na kuwaita wenzake watatu waje kuisikia. Mmoja aliinakili kwenye daftari lake. Dobi alipoingia, afisa alisimama, akampa mkono, akainamisha kichwa.

"Pole sana kwa msiba. Marehemu ni nani wako?"

"Msiba gani, bosi? Mimi nimepoteza jino."

Afisa akakaa. Kukosa siku mbili angeweza kusamehe, hasa kwa kuwa cheti kilikuwepo. Lakini kuidanganya ofisi kwa kifo kulikuwa na kifungu chake katika kanuni, na katika kifungu hicho hamkuwa na onyo wala karipio. Alimrudishia barua kwa masikitiko, zaidi kwa ajili ya sentensi. Muda wa kujieleza upya ulikuwa uleule, kesho saa sita mchana. Asipoeleweka, unga umemwagika.

Dobi aliingia dukani bila salamu.

"Kaka, umemuua nani?"

Cherehani ikanyamaza.

"Sikumtaja mtu," Mizani akasema.

"Nimeambiwa pole, nikasimama pale kama gogo! Umeniandikia maiti?"

"Ilikuwa inachechemea, mdogo wangu. Mbili hazikai. Nilikuwa natafuta..."

"Nilikwambia jino! Jino, kaka! Nina watoto wawili, sina wa tatu wa kukupa usawazishe!"

Akaketi juu ya rundo la suruali na kulia, mkono umeshika shavu, maana hata kulia kulimuuma. Fundi akajitia hamnazo na kutafuta uzi sakafuni. Mizani alitaka kumwambia kwamba sentensi ile ilikuwa nzuri, na aibu ikamshika kwa kulifikiria hilo wakati kama ule. Aibu hasa, ya kutaka kujificha chini ya meza.

"Kesho twende wote," alisema. "Nitaandika mwenyewe mbele yake."

Ijumaa saa nne walikuwa kwenye benchi la utumishi. Waliitwa saa tano. Afisa alimpokea Mizani kwa heshima zote, akamvutia kiti na kumwekea karatasi nyeupe.

"Mzee, sina haja ya mengi. Andika ukweli. Mstari mmoja unatosha."

Mstari mmoja! Mizani akashika kalamu, akaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna aliyekufa. Akaishia hapo, akautazama mstari ule ulivyosimama peke yake katikati ya karatasi, hauna wa kuushika mkono. Alijua aache. Mkono ukaongeza: wala aliyezikwa, wala aliyeliliwa.

Afisa akaisoma, akakunja uso. "Nani hakuzikwa?"

"Huyo asiyekufa."

"Yuko wapi?"

"Hayupo, bosi."

"Kwa hiyo kuna mtu ambaye hayupo, na hamjamzika?"

Karatasi ikachanwa. Akapewa nyingine. Ile aliianza kwa ukweli, akauunganisha na majuto na heshima, na alipofika kwenye heshima ukweli ulikuwa umeshapotea njiani. Karatasi ya tatu alibaki ameikodolea macho tu. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hawezi. Mtu mzima, mwandishi wa barua za watu, hakuweza kuandika kwamba hakuna aliyekufa na kuweka nukta. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita kasoro robo.

Dada mtu aliichukua kalamu kutoka vidoleni mwa kaka yake, akaivuta karatasi, akainama. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya msingi, nacho kilikuwa kimekaa kwenye maji ya sabuni miaka tisa. Aliandika polepole, anasogeza midomo, kisha akampa afisa. Ukikileta kwa Kiswahili kilisema hivi: Jino langu kuumwa. Hakuna mtu kufa. Kaka kupenda tatu.

Afisa aliisoma mara moja.

"Tatu nini?"

"Tatu chochote, bosi. Barua ikiwa na mambo mawili, usingizi haumpati."

Afisa alifunika mdomo, lakini mabega yalimcheza. "Ile ya kwanza tuliisoma watu wanne, tukaisifu, na hakuna aliyejua jino lilihusika vipi na kifo. Hii nimeielewa." Kisha akafungua kitabu cha kanuni, uso ukamshuka. "Tatizo ni moja. Hapa pameandikwa maelezo yawe katika Kiingereza sahihi. Mimi mwenyewe si mjuzi. Mzee, wewe ndiye mtaalamu. Hii ni sahihi?"

Zilibaki dakika nne. Akisema hapana, karatasi ile inarudi, na nyingine haitawahi. Akisema ndiyo, atakuwa amedanganya katika ofisi ileile, juu ya jambo lilelile, mara ya pili. Akaivuta karatasi karibu. Vitenzi vitatu, vyote vimetupwa pale bila wakati, kama viatu mlangoni. Kalamu ilikuwa mezani, na vidole vilimwasha. Dakika moja tu ingetosha kuvivalisha vyote. Lakini akishaanza, angeona kwamba mstari wa mwisho ni mfupi, angetafuta neno.

Akaitazama mikono ya mdogo wake juu ya meza. Ilikuwa imechubuka hadi vifundoni kwa dawa ya kufulia, na alikuwa ameikunja isionekane. Hakuwa amewahi kuitazama. Alizoea kuiona ikiweka sahihi tu.

"Makosa yamo matatu, bosi," alisema. "Uongo haumo."

Afisa akamtazama, akaitazama saa. Akachukua muhuri, akaupiga juu ya karatasi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaandika tarehe. "Rudi kazini, dada. Mashuka ya wodi yamerundikana."

Waliteremka ngazi pamoja. Mizani alitaka kumwomba radhi, na maneno yakaanza kujipanga yenyewe kichwani, mawili mazuri na la tatu likija nyuma. Akafyata ulimi. Chini, mlangoni pa chumba cha kufulia, dobi alikuwa tayari anajifunga aproni.

"Nikiumwa tena, kaka," alisema bila hasira, "usijisumbue. Nitaandika mwenyewe."

Neno hilo lilimuuma kuliko kupigwa kofi. Watu walitoka mbali kuja kuandikiwa naye, na mtu aliyemjua tangu anatambaa alikuwa anamkimbia kwa upole.

"Nisamehe," alisema.

Dada mtu alisubiri mengine, kama walivyozoea watu wote waliomjua. Yalipokosekana, akamgusa mkono, akaingia ndani kwenye mvuke.