Upinde Ulioshushwa Ukutani

Dada yangu ni fundi wa kupiga vanishi. Ana miaka thelathini na mmoja katika karakana ya fanicha nyuma ya stesheni, akiwarudishia watu meza walizozichosha wenyewe kwa vikombe vya moto. Mwonyeshe kabati, atagusagusa mlango kwa kucha, kisha atakwambia kama lilikaa jikoni au chumbani. Zamani nilikuwa namcheka.

Tulipogawana vitu vya marehemu baba, wenzetu walichukua redio, viti na saa. Dada akaomba upinde uliokuwa ukining'inia sebuleni tangu tuzaliwe, ule wenye ncha zilizopinda kwenda mbele. Baba alikuwa ameupaka rangi nyeusi, nzito, na hakuwahi kuushusha mbele yetu. Tulidhani ni pambo.

"Nitaupigia shabaha kila Jumamosi pale klabu ya wapiga upinde," akasema.

"Dada, huo ni mzee kuliko wewe. Utakukatikia usoni."

"Ukikatika, basi. Sina kingine cha baba, najua. Lakini siwezi kuuacha ufie msumarini."

Kazi aliifanyia uani kwake, asubuhi kabla ya kwenda karakanani. Kwanza alipitisha pamba kavu juu hadi chini, maana penye ufa nyuzi za pamba hunasa. Hazikunasa. Nusu ya juu ilikuwa imejisokota kidogo, basi akaizungushia taulo la maji ya moto, akaisokota upande wa pili kwa viganja na kuishikilia mpaka ikapoa. Alifanya hivyo siku tisa. Siku ya kumi mimi, mjuzi wa yote, nikajaribu kuufunga kamba kwa kufuata upande uliopindia.

"We mtoto, weka chini!" akanifokea, mimi mwenye wajukuu. "Huo unapindwa kinyume. Ungeuvunja sasa hivi!"

Nikauweka chini.

Kisha ikaja zamu ya rangi. Mashine hakuigusa. Alitumia msasa laini na mkono wake wa kushoto, ule ambao baba alikuwa akiufunga kwa kitambaa kwenye kiti ili dada ajifunze kuandika kwa wa kulia. Jambo hilo dada hajawahi kulitaja, hata kwa utani. Chini ya weusi zikatokea mbao mbili, nyekundu na ya manjano, zimeshikana hivi kwamba ukucha haupati pa kuingia. Niliduwaa. Binadamu gani alizipinda hivi, na kwa subira gani?

Juu ya mshikio, pale palipokatwa kupitisha mshale, dada akasita. Rangi ilikuwa imeziba kijifereji chembamba, laini kabisa.

"Hii ni njia ya mshale," akanong'ona. "Umepita hapa miaka na miaka."

Baba yetu, aliyekuwa hata jiwe harushi!

Jumamosi tukaenda klabu, upinde ukimeremeta kwa vanishi mpya. Mwalimu wa pale, mama asiye na maneno mengi, akaugeuza mara mbili mikononi.

"Nani alikuwa anautumia?"

"Baba yetu," nikajibu.

"Basi baba yenu alikuwa anavuta kwa kushoto. Upinde huu ulitengenezwa hivyo. Ona, mshale unakaa upande wa kulia."

Baba, ambaye siku zote tulimwona akila na kuandika kwa kulia! Dada aliupokea kwa mkono wa kulia, akaweka mshale, na vidole vya kushoto vikashika kamba.

"Taratibu," mwalimu akaonya. "Ukiusikia unalia, acha."

Akavuta robo. Akavuta nusu. Nilitaka kufumba macho nikashindwa, kwa sababu sijawahi kumwona dada amesimama vile, mabega yametulia, kana kwamba maisha yote alikuwa amevaa nguo ya mtu mwingine na sasa amepata yake. Kamba ikafika shavuni. Upinde haukulia. Mshale ukaruka, ukachoma ukingoni mwa shabaha, na watu wote tuliokuwa pale tukapiga makofi.

Dada akaushusha upinde. Alitazama mkono wake wa kushoto kwa muda mrefu.

"Kumbe na yeye walimfunga mkono," akasema.

Machozi yalikuwa yanamtoka. Akaomba mshale wa pili.