Mstari wa Maalim Kwenye Daftari

Mimi ni mhitimu wa ngumbaro, shule ya watu wazima. Niliingia darasani nikiwa na miaka hamsini na tisa, nikatoka na cheti chenye mhuri mkubwa kama sahani ya pilau, nikakitundika pale sokoni Kilwa Masoko juu ya sufuria yangu ya pweza ili wateja wasome wakisubiri supu. Tangu siku ile nasoma kila kitu: mifuko ya saruji, vikaratasi vya dawa za presha, hata kanga za wake za watu, mpaka nimeshakemewa mara mia. Nikatangaza kwamba kutoka hapa hadi Mingoyo hakuna mzee atakayekufa bila kusoma, maadamu mimi nina mdomo. Ndivyo nilivyompeleka maalim.

Maalim ndiye aliyenisomesha Kurani utotoni, na bakora alizonipiga ukizipanga moja moja zinafika Lindi. Nilipompeleka alikuwa anaukaribia mwaka wa themanini. Kilichomtoa nyumbani ni shamba. Ana mikorosho njia ya Tingi, aliipanda kwa mkono wake, na kijiji kilikuwa kinatoa hati za mashamba. Alipofika ofisini alitia saini yake kwa herufi za Kiarabu, zile anazoandikia Kiswahili chake maisha yote. Karani akamwambia, mzee, michoro hii hatuisomi, weka dole gumba. Maalim akakataa. Akasema dole gumba huweka mtu asiyejua kuandika, na yeye anajua. Karatasi ingoje, ataenda kujifunza herufi zao, kisha arudi aandike jina lake. Hakutaka kusoma gazeti wala simu. Alitaka jina lake likae pale kwa mkono wake, basi.

Nikamwambia ndani ya miezi mitatu atakuwa anamwandikia waziri barua ya kumkaripia.

Tulisomea baada ya alasiri katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake wauza samaki wakavu, na mimi mhitimu nilikuwa namsaidia mwalimu kugawa chaki, cheo ambacho nyumbani nilikiita naibu mkuu wa shule. Mwalimu alikuwa binti wa bara, mpole, anatuamkia mmoja mmoja. Siku ya kwanza alifungua daftari la usajili akamuuliza maalim amesoma mpaka wapi.

"Nimemaliza chuo," maalim akasema.

Binti akaziba mdomo kwa kiganja. "Baba, umemaliza chuo, sasa kwenye ngumbaro umefuata nini?"

Kwetu pwani chuo ni pale mtoto anapopelekwa kusoma Kurani. Huko alikotoka binti, chuoni wanatoka mabwana shamba na madaktari. Tulicheka darasa zima, na maalim akacheka kutuzidi. Alipoeleweshwa, binti alilikata kwa rula neno chuo alilokwisha kuliandika, akaandika maneno mengine pembeni yake. Maalim akaniinamia sikioni akauliza ameandika nini. Nilikuwa nimesimama juu ya daftari na macho yangu ni mazima. Palikuwa pameandikwa: Hajui kusoma wala kuandika.

"Ameandika wewe ni maalim mkubwa," nikamwambia. "Umesomesha pwani nzima."

Akatikisa kichwa taratibu, ameridhika. Mimi ndivyo nilivyo. Nikikuta shimo kwenye maneno naliziba kwa sukari.

Akasoma. Wallahi sijaona mtu anasoma vile. Wiki za mwanzo mkono wake ulikuwa ukianzia kulia, akiandika "baba" binti anasoma "abab", na wanawake wakamtania kwamba maalim amegundua kabila jipya. Alilalamika kwamba herufi zetu zinasimama mbalimbali kama watu walionuniana, wakati zake zinashikana mikono. Alisema a na i tunazifuja, yeye huziweka kijistari tu juu au chini ya neno. Lakini alizifuata. Miezi mitatu yangu ikawa saba. Mwezi wa saba aliandika jina lake lote, la baba yake na la babu yake, kutoka kushoto, kwa mwandiko uliolala vizuri hata binti akaupitisha darasani. Tukakubaliana kwamba Jumatatu tunakwenda kwa karani.

Ijumaa mwalimu alichelewa. Daftari lilikuwa mezani. Maalim akaenda kulifungua, anataka kuliona jina lake katika mwandiko wa mtu mwingine, akatembeza kidole mpaka akalipata. Akatuita kwa furaha. Kisha kidole kikaendelea kwenye safu ya pili, na akaanza kusoma kwa sauti, silabi moja moja, tulivyozoeshwa. Na darasa, tulivyozoeshwa, likawa linamwitikia.

"Ha."

"Ha," wakasema wanawake.

"Ju. I."

"Ju. I."

"Ku. So. Ma."

Waliitikia mpaka hapo. Maalim akamaliza peke yake. Hakukosea hata silabi moja.

Akanigeukia. "Ndivyo ilivyoandikwa tangu siku ile?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulikuwa unajua kusoma."

Nikasema ndiyo, maalim.

Akalifunga daftari, akalisogeza sawasawa na ukingo wa meza, akavaa makubadhi yake akatoka. Binti alipofika na kuambiwa alilia. Alisema safu ile inataka jibu moja kati ya mawili, anajua au hajui, na hakuna mahali pa kuandika anajua herufi gani. Alisema atalikata, ataandika chochote tutakachotaka. Nilikwenda mwenyewe kumpelekea maalim habari hiyo. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza bei ya pweza.

Nilimwendea karibu kila siku na mizaha yangu yote, na hakuna hata mmoja uliomchekesha. Mwishowe nikamwambia tukamalize lile la shamba. Akasema haya, twende, kwa wepesi hata nikaona amesamehe. Nilitangulia kumpigia karani simu na kumjaza maneno: leo ataona mwandiko ambao hata wilayani hawana.

Karani akatoa karatasi, akamwekea kalamu mbele yake kwa mikono miwili. Maalim akaisukuma kando na kunyoosha dole gumba.

"Mzee, nimeambiwa umeshasoma," karani akasema.

"Sijui kusoma, bwana. Imeandikwa."

Karani akanitazama. Mimi, mwenye mdomo wa kutoka hapa hadi Mingoyo, nikajitia kusoma tangazo la ukutani. Karani akamshika maalim kidole kama wanavyofanya, akakibonyeza kwenye wino na kukibingirisha kwenye karatasi, kushoto kwenda kulia. Maalim akasema ahsante, akajifuta kwenye kitambaa cha mfukoni.

Mwaka haukuisha ngumbaro yetu ikafungwa. Binti alihamishwa, na hakuja mwingine. Wauza samaki wameanza kusahau. Mmoja ananiletea vikaratasi vyake vya kliniki nimsomee, naye alikuwa anasoma vizuri kunishinda.

Hati ilipotoka nilikwenda kuichukua mimi. Maalim alikataa hata kuishika. Alisema nikae nayo, kwani mimi ndiye ninayejua kusoma. Nimeisoma yote, mbele na nyuma. Jina lake limepigwa kwa mashine na chini yake lipo doa la buluu.

Mwezi uliopita nilikwenda barazani kwake nikakaa chini mkekani, pale nilipokuwa nikikaa utotoni. Nikamwomba anifundishe kuandika zile herufi zake zinazoshikana, maana kuzisoma alinisomesha lakini kuziandika sikuwahi. Alifikiri kidogo. Akasema amezisahau.