Kitenge cha Mkwe

Mpaka leo nikisikia "bidhaa ikishauzwa hairudi", damu inanichemka. Maneno hayo niliyasoma mara ya kwanza kwa Kifaransa, kwenye kibao cha duka moja la vitambaa mjini Likasi, chini ya picha ya Rais. Mwenye duka alikuwa mtu wa chama. Duka alipewa, hakulijenga, na habari za vitambaa alizijua kama mimi ninavyojua kuendesha treni.

Dada yangu alikuwa anaolewa. Pamoja na mahari, mama yake bwana arusi alimletea mama yetu kitenge, na kwetu kitenge hicho huvaliwa siku ya harusi, wakwe wakione. Usipokivaa, umewatemea mate. Basi mama akakiloweka kwanza kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike, kama wanawake wote wafanyavyo kabla ya kwenda kwa fundi. Alipokiinua, maji yalikuwa mekundu na maua yote yamegeuka matope.

Karatasi kilimofungwa ilikuwa na jina la lile duka, basi tukakirudisha huko, kikiwa ndani ya beseni. Yule bwana hakukigusa hata kwa kidole.

"Citoyenne, hii kitenge imelowa. Soma pale," akamwambia mama, akimwita "raia" kwa Kifaransa kama chama kilivyoagiza.

"Papa, kama haikulowa, ningejua namuna gani kama ni mubaya?"

"Ni weye ulilipa?"

"Hapana. Ni mukwe yangu."

"Basi ule alilipa akuye yeye mwenyewe."

Hapo ndipo alipotufunga. Kumwambia mkwe aje kurudisha zawadi yake ni kumwambia kwamba hana macho, au kwamba alitutafutia cha bei rahisi. Ndoa zimevunjika kwa dogo kuliko hilo. Na yule bwana alijua! Naye ana mama, naye ana wakwe. Nikamwita mwizi mbele ya wateja wake, na ningemmwagia yale maji mekundu kama mama asingenivuta mkono.

"Nyamaza," mama akaniambia. "Unataka dada yako arudishwe?"

Siku ya harusi alikivaa. Mama yake bwana arusi akakitazama, uso ukamkunjamana.

"Mama, hii njo kitenge yangu?"

"Njo ile," mama akajibu, akijichekesha. "Ni minye niliifula mubaya, na savon ya nguvu. Unisamehe."

Wanawake wa upande wa pili wakaangua kicheko: mama wa bibi arusi hajui kufua! Mama yangu, aliyeng'arisha nguo za baba za kiwandani miaka yote ile.

Mkwe akalainika. Akamshika mama bega.

"Usisikie haya, mama. Nitakubebea ingine. Nitarudia ku ile ile duka nililipa hii, minye naijua, iko na bitu ya muzuri."

Mama akapiga makofi ya heshima, akashukuru.