Njia ya Faili la Nyimbo

Nilijifunza kuandika programu peke yangu, kwanza kwa simu, baadaye kwa kompyuta iliyotumika niliyoinunua Babati. Hapa Gehandu sina mtu wa kumwuliza. Nikikwama, nakwama siku tatu.

Kwaya yetu ilitaka maneno ya nyimbo yaonekane ukutani siku ya Jumapili. Nikajitolea kutengeneza programu. Ukweli ambao sikuusema ni kwamba siwezi kuimba, lakini nilitamani sana kuwa mmoja wao.

Nyumbani niliijaribu labda mara mia, haikukosea. Jumapili nikaihamishia kwenye kompyuta ya kanisa kwa flashi. Mwalimu wa kwaya akaifungua. Ukuta ukabaki mweupe, na maandishi madogo yakasema faili la nyimbo halikupatikana.

"Shikamoo mwalimu, ngoja kidogo," nilisema, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia.

"Marahaba tena," akajibu, na sauti ya pili yote ikacheka. "Haya, toeni madaftari."

Wakaimba bila mimi.

Huku kwetu ukimwelekeza mtu njia, unaanzia pale mliposimama: shuka, vuka korongo, kata kushoto. Nami nilikuwa nimeielekeza programu hivyo hivyo. Kwangu ililipata faili, kwa sababu kila mara niliiwasha kutoka folda ileile. Nikaandika njia kamili, kuanzia mwanzo wa diski. Nikafurahi saa nzima, kisha nikaona kuwa ndani yake mna folda yenye jina langu. Kanisani folda hiyo haipo. Sikuwahi kuwaza kompyuta nyingine zaidi ya yangu.

Mwishowe niliifanya programu ijiulize kwanza yenyewe iko wapi, ndipo iunde njia kamili kutoka hapo. Mistari miwili tu. Lakini niliona aibu, nikakaa wiki mbili bila kwenda mazoezini.

Mwalimu akanipigia simu. "Kompyuta ipo, projekta ipo. Wewe uko wapi?"

Nilikwenda na flashi. Akaiweka folda ya programu kwenye skrini ya mwanzo ya kompyuta, kisha akaihamishia mahali pengine kwa makusudi, akiifungua programu kila mara. Maneno yakatokea. Nikabaki nimesimama, nikisubiri yapotee.

"Wewe," dada mmoja wa sauti ya kwanza akasema, akisogea kwenye benchi, "umesimama kwenye mwanga. Njoo ukae hapa."

Nikakaa.