Siku Niliyompa Mama Mukwe Mgongo

Jamani, chekeni mpaka mchoke, mimi nimekwisha kuzoea. Ndiyo, ni mimi yule mkwe aliyelala kifudifudi mbele ya mama mukwe wake, miguu huku na huku kama chura, suruali imepasuka nyuma, mchana kweupe, ukoo mzima ukitazama. Mtaa wetu wote wa Katuba unaijua habari hii na kila mtu anaisimulia anavyotaka (wako wanaosema sikuwa hata na suruali, waongo wakubwa hao), basi leo naisema mwenyewe. Na ile sehemu ambayo hakuna anayeisimulia nitaisema pia, ingawa nikiikumbuka tu nywele za mikono zinasimama.

Mimi ni fundi wa friji, na fundi wa friji haamini pepo, anaamini panne, yaani ubovu wa mashine. Friji ikikataa kugandisha, siiombei: nabadilisha kitu kimoja, naangalia, nabadilisha kingine, naangalia, mpaka ubovu ujitokeze wenyewe. Basi baba mukwe alipofariki na kuacha bunduki yake ya kuwindia, mke wangu Astride alisema mbele ya watu wote kwamba ni mimi nitakayeirithi, kwa sababu mzee hakuacha mtoto wa kiume na mimi ndiye mkwe mkubwa, na mimi nikaitika haraka sana, nikijiona bwana.

Mzee alikuwa mtu wa reli, asili yao kaskazini kabisa, mwindaji mwenye karatasi zake zote sawasawa. Na kwao kuna desturi: bunduki ya mwindaji aliyekufa inalala pamoja na kilio, na kabla ya kumaliza kilio lazima iamshwe. Anayeirithi anapiga shabaha mbele ya ukoo, mjane amekaa nyuma yake na nguo zake nyeusi, na huyo mjane, tangu mazishi, haruhusiwi kusema hata neno moja mpaka bunduki ikubali. Isipokubali, wazee wanauliza kwa nini.

Hiyo "kwa nini" ndiyo iliyokuwa inamnyima Astride usingizi. Mdogo wa marehemu, Tonton Ilunga, tangu siku ya mazishi alikuwa anazunguka na maneno yake: kaka yangu hakuumwa, kaka yangu alikula, akalala, hakuamka, sasa nani alimupikia? Nyumba ya mzee iko pale Katuba, nyumba nzuri ya matofali, na kila mtu anajua mjane akishaambiwa alimla mume wake kwa uchawi, nyumba hiyo haikai tena mikononi mwake. Astride aliniambia njiani, "Papa Kazadi, leo usikose. Ukikosa, batamufukuza mama."

Nikamwambia atulie, panne naijua mimi.

Uwanja wa kupimia bunduki uko upande wa Luano, karibu na uwanja wa ndege, shimo la zamani la kuchimba mawe, ukuta wa udongo mwekundu mwisho wake na vichuguu vikubwa pembeni. Ilikuwa ule mwezi wa kuchoma nyasi, moshi umetanda kila mahali, jua limekuwa jekundu, na majivu yanaanguka polepole bila upepo. Hata kunguru walikuwa kimya. Sisi wawili tulifika kwanza, nikatandika mkeka, nikaweka mfuko wa mchanga, nikalala kifudifudi kama inavyotakiwa, jicho kwenye lineti (ile darubini ya juu ya bunduki), nikapiga. Matundu yote kwenye karatasi yalikaa pamoja, ungeweza kuyafunika na kifuniko cha chupa ya maziwa. Astride akapiga makofi, na mimi nikajipangusa vumbi taratibu, kama mtu anayepigwa picha.

Halafu ukoo ukafika. Wakashuka kwenye magari, wazee, shangazi, watoto wa shangazi, na katikati yao mama mukwe, mweusi tii toka kichwani mpaka miguuni. Wakaweka kiti chake nyuma ya mkeka wangu. Nyuma kabisa, karibu, moja kwa moja.

Sasa niambieni ninyi. Mimi ni mtu wa Kasai, hata kama babu yangu alizaliwa hapahapa Lubumbashi, na kwetu mukwe ni mukwe: sili mbele yake, akija kwa njia hii mimi napita ile, jina lake silitamki, hata hapa sitalitamka. Halafu nilale, nitanue miguu, nimwelekezee makalio usoni? Na suruali yenyewe ilikuwa ile ya kazi, imeshonwa nyuma mara nyingi (Astride alinikataza kuivaa, nilimwambia mwindaji havai nguo za harusi). Nikaamua. Uamuzi mdogo tu, jamani, mdogo hivi: nikavuta kreti la bia, nikakaa upandeupande, mfuko wa mchanga juu ya kreti jingine, shingo nimeipinda ili nisimpe mgongo wala nisimtazame. Walipouliza, nikasema kiuno kinaniuma.

Nikapiga. Tonton Ilunga akatazama kwa darubini yake, akatikisa kichwa. Risasi ilikuwa imeenda kulia, nje kabisa ya karatasi.

Bon. Nikatoa bisibisi, nikakagua skrubu za lineti: zimekaza. Nikakagua zile zinazoshika chuma na ubao: zimekaza. Nikapiga, ikaenda kulia tena, juu kidogo. Nikabadilisha risasi, nikachukua za boksi jingine: chini, kulia. Nikasema labda mtutu umepata moto, tukangoja upoe, tukakaa tu pale na majivu yanatuangukia mabegani, na nyuma yangu nasikia pumzi ya mama mukwe, ndefu, ya polepole. Nikapiga: karatasi nyeupe, hakuna kitu. Risasi sijui ilikwenda wapi, hata vumbi kwenye ukuta halikuruka.

Mama mukwe akainuka, Astride akamsindikiza nyuma ya kichuguu kujisaidia. Eh, nikapata nafasi! Nikajitupa mkekani haraka, nikalala vizuri, nikapiga. Katikati. Nikapiga tena, katikati, nikaanza kucheka peke yangu. Akarudi, akakaa, nikarudi kwenye kreti langu, nikapiga, na ikakosa.

Nilikuwa nimeshika bisibisi tena nilipoona hakuna anayenitazama mimi. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Tonton Ilunga akaweka darubini chini, akaionyesha bunduki kwa kidole, akasema kwa sauti ndogo sana, "Munaona? Akitoka, buta inapiga. Akirudia, inakataa."

"Tonton, ngoja," Astride akasema.

"Miye sikusema kintu. Buta njo inasema. Mumupeleke tena kule nyuma."

Wakampeleka. Nikalala, nikapiga, katikati. "Mumurudishe." Wakamrudisha, akakaa mikono magotini, haruhusiwi kujitetea hata kwa neno moja, na mimi nikakaa kwenye kreti nikapiga na risasi ikakosa. Shangazi mmoja akaanza kulia chinichini. Mwingine akavuta kiti chake mbali na mjane. Ndege kubwa ikapita juu yetu inashuka Luano, kivuli chake kikatupitia wote, na mimi, fundi wa friji nisiyeamini pepo, nikainamisha kichwa mpaka kivuli kikapita. Nasema kweli: niliogopa. Nilimtazama yule mama mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yangu, machoni kabisa, na nikajiuliza kama alimuua. Aibu ya suruali si kitu mbele ya hiyo.

"Marehemu anasema," Tonton Ilunga akasema. "Kaka yangu anamukimbia ule muke. Kuanzia leo hakuna wa kumuachia nyumba."

Nikainama kuokota maganda ya risasi, si kwa sababu yoyote, mikono tu ilitaka kazi. Na maganda yalikuwa mafungu mawili. Fungu moja kando ya mkeka, fungu moja kando ya kreti. Nikayatazama. Risasi zilizopiga, zote zilitokea mkekani. Zile zilizokosa, zote kwenye kreti. Yesu wangu! Nilibadilisha skrubu, nikabadilisha risasi, nikangoja mtutu upoe, kila kitu nilikigusa isipokuwa mjinga aliyeshika bunduki. Shingo imepinda, jicho linatazama lineti kwa pembeni, bega halikukaa, bunduki ingepiga wapi? Marehemu hakumkimbia mtu. Niliyekuwa nakimbia ni mimi.

"Tonton, panne naiona!" nikapaza sauti.

"Panne gani?"

"Ni... ni kukaa. Ni vile ninakaa."

"Juu ya nini unakaa, basi?"

Alitaka sababu, sasa nimjibu nini? Niseme mbele ya mama mukwe kwamba ni juu ya makalio yangu? Nikamnong'oneza Astride, akafumba macho, akasema, "Papa Kazadi, juu ya haya yako banamuita mama muloji? Enda ulale!"

"Alale," Tonton Ilunga akasema, "na mama asitoke pale. Risasi moja. Ikikosa, mama harudi mu nyumba."

Nikaenda mkekani. Kile kiti kilikuwa karibu, ningeweza kukigusa kwa kisigino. Nikapiga magoti, nikalala, nikatanua miguu, na nikasikia ukoo mzima unavuta pumzi pamoja. Jasho liliingia machoni. Bunduki ilitetemeka mpaka karatasi kule mbele ikawa inacheza. Nikasema moyoni, sitaweza. Ndipo mkono ukanishika mgongoni, hapa katikati ya mabega. Mkono mzito, mpana, unaojua kazi. Ukanikandamiza chini kidogo, bega likakaa, pumzi ikatulia, karatasi ikaacha kucheza. Nikavuta.

Risasi ikatoka, na mshono nao ukatoka. Praaa! Kutoka kiunoni mpaka nyuma ya paja. Kwa muda mfupi hakuna aliyejua atazame wapi, karatasi au mimi. Mtoto akacheka, akafungwa mdomo. Tonton Ilunga akainua darubini, akakaa nayo muda mrefu, akaishusha.

"Katikati," akasema, kama mtu anayetema mfupa. "Bahati. Arudie."

Nirudie? Hewa ilikuwa inaniingia kule nyuma, nimekufa kwa aibu, siwezi hata kugeuka! Halafu kitu chepesi kikaniangukia, kitambaa, kikanifunika kuanzia kiunoni. Kilikuwa kile kitenge cheusi cha mjane, ambacho hakigusi mtu mwingine mpaka kilio kiishe, na shangazi wakapiga kelele. Na mama mukwe akasema, maneno ya kwanza tangu mazishi, na ya kwanza kuniambia mimi moja kwa moja: "Lala tu, mutoto yangu. Miye nilizaa, nilizika, yale ya kwako haitaniua. Piga."

Nikapiga mpaka Tonton Ilunga akaacha kutazama. Matundu yote yalikaa pamoja. Akaingia kwenye gari bila kuaga, na mama mukwe yuko mpaka leo katika nyumba yake ya matofali, akinipikia bukari, ule ugali wetu, ambayo naila uani, peke yangu, kwa heshima.

Jioni nilimshukuru Astride. Nikamwambia bila ule mkono wako nisingepiga.

"Mukono gani?"

"Ulionishika mgongoni."

Akaacha kufua. Akasema hakuna aliyenikaribia: wote walirudi nyuma nilipolala, hata mama hakuinuka kitini, kitenge alikitupa tu, mukwe atamshikaje mukwe? Nikavua shati, nikaligeuza, nikatafuta vumbi, alama ya vidole, chochote. Hakukuwa na alama hata moja.

Basi nimejifunza yangu: siku hizi panne ikinishinda, kabla sijafungua skrubu najikagua kwanza mimi mwenyewe nimekaaje. Na nimeapa jambo lingine, mnicheke mnavyotaka. Ile buta ya mzee iko chumbani kwetu, ukutani. Kila asubuhi ninapovaa suruali, navaa nikiitazama, na nikitoka natoka kinyumenyume mpaka mlangoni, maana mzee yule tayari ameona mgongo wangu vya kutosha.