Birika Mkononi mwa Kaka

Niliondoka Zinga kwa sababu moja tu: kumtoa kaka yangu Shomari kifungoni. Vita vya Wadachi vilikuwa vimetulia, na yeye alikuwa na miezi mitatu mikononi mwao Bagamoyo. Ikaja habari kwamba bwana mkubwa wao anatualika majumbe wa pwani kula naye hotelini, nyumba ya ghorofa wanamokula Wazungu. Nikila naye kwa amani mbele ya wenzangu, Shomari ataachiwa siku hiyo hiyo. Nikileta fujo, basi tena.

Baada ya sala ya alfajiri nilishika njia. Jua lilipoanza kuchoma nilikuwa Kaole, kwa shemeji yangu Mwanaidi, mke wa Shomari. Alinitolea joho la mumewe, lile jeusi la sikukuu.

"Shemeji, mimi nakujua," aliniambia. "Hasira zako ziache hapa hapa Kaole."

"Nitaziacha."

"Niapie."

Nikaapa. Joho liliburura chini, maana Shomari ni mrefu kuliko mimi.

Bagamoyo niliingia kabla ya adhuhuri. Hotelini nilikuta meza ndefu yenye kitambaa cheupe, sahani juu ya sahani, visu na uma huku na huku utadhani tunakwenda kupasua ng'ombe mzima. Mkalimani wao, mtu wa Unguja, alitupitia mmoja mmoja. "Nyama imechinjwa na Mwislamu, kuleni. Ila mtu asinyanyuke kabla ya bwana mkubwa." Kisha akatangaza kwamba, kwa heshima yetu watu wa pwani, tutaletewa maji ya kunawa.

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia na birika na bakuli alikuwa Shomari.

Lahaula! Amekonda, kavalishwa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu. Kwetu mdogo ndiye amnawishaye mkubwa. Tangu nipate akili zangu sijapata kukaa kitako nikamwagiwa maji na kaka yangu. Alianzia upande wa pili, na kila jumbe aliyenawishwa aliinamisha kichwa. Bwana mkubwa hakuwa akimtazama yeye, alikuwa akinitazama mimi. Hapo nikaelewa nimeitiwa nini.

Alipofika kwangu, magoti yalikwisha anza kunyanyuka yenyewe.

"Kaa, mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nyoosha mikono."

"Kaka, siwezi."

"Nataka kurudi nyumbani."

Nikanyoosha mikono. Maji yakapita vidoleni mwangu, na hata shikamoo sikumpa.

Vikaja vyakula kimoja kimoja: mchuzi mwepesi, samaki, nyama, kitu kitamu kinachotetemeka. Kila sahani aliiweka yeye na kuiondoa yeye, na mimi nimevaa joho lake. Nilikula vyote. Machozi yaliponitoka nikasingizia pilipili, na pilipili haikuwamo.

Alasiri bwana mkubwa alinyanyuka, akatabasamu, akatimiza ahadi yake. Tulipotoka mjini ndipo nilipopata ulimi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nikamvisha joho lake. Tukashika njia ya Kaole.

Kaole, Mwanaidi alilia, akacheka, akalia tena, akapika wali wa nazi na kuku. Sinia lilipotua nililiwahi birika, nikapiga magoti mbele ya kaka. Nilikuwa nimeingojea saa hiyo njia nzima.

"Nawa, kaka."

Akalishika birika mkononi mwangu.

"Nawa wewe kwanza," alisema. "Nimekwisha zoea."

Hakusema kwa kinyongo, na hilo ndilo lililonikata maini. Safari ile ilinifunza hivi: ningenyanyuka pale mezani nisingempata kaka yangu, na kwa kuwa nilikaa, nilimpata nusu. Sikuliachia birika, naye hakuliachia, tukabaki tumelishika sote wawili mpaka wali wa Mwanaidi ukapoa.